Somo la 27: Chupa na Nta ya Rangi

Watoto, leo tutajifunza kazi ya mikono. Tutachukua vitu viwili ambavyo watu huvitupa: chupa tupu, na vipande vifupi vya kalamu za nta. Kwa moto kidogo tutavifanya kuwa chombo kizuri cha kutia maua. Lakini kwanza sikilizeni habari ya kijana mmoja wa Fungurume. Someni mpaka mwisho, kwa maana habari hii ina sehemu mbili, na sehemu ya pili ndiyo kubwa.

1. Sanduku la Mwalimu

Fungurume ni mji ulio kati ya Likasi na Kolwezi, katika jimbo la Lualaba. Barabara kuu hupita pale, na njanja vilevile. Milima yake ina shaba na kobalti, na malori makubwa hupita mchana na usiku. Pembeni mwa barabara akina mama huuza vitu vya kila namna: mifuko ya makala, muhogo, nyanya, na asali ya porini iliyotiwa ndani ya chupa za zamani.

Palikuwa na kijana wa darasa la tano ambaye nkambo yake aliuza asali. Siku moja nkambo alitenga chupa moja ya kijani, iliyokuwa ya mvinyo. Shingo yake ilikuwa nyembamba mno, na asali nzito haikuweza kupita upesi. Nkambo akasema, "Mjukuu wangu, ondoa hii, inanichelewesha." Kijana akaichukua, akaenda nayo masomoni.

Siku hiyohiyo Mwalimu alileta sanduku la karatasi darasani, akaliweka juu ya meza.

"Watoto, ndani ya sanduku hili mna nini?"

Mmoja akachungulia, akajibu, "Mwalimu, ni takataka. Ni kalamu za nta zilizokwisha."

Mwalimu akatoa kipande kimoja chekundu, kifupi kama kucha, akachora nacho mstari ubaoni. Mstari ukaonekana wazi.

"Je, rangi yake imekwisha?"

"Hapana, Mwalimu."

"Basi kilichokwisha ni nini?"

Watoto wakafikiri. Kisha kijana mwenye chupa akasema, "Mwalimu, rangi haikuisha. Imekwisha nafasi ya kushikia kwa vidole."

"Umejibu vema," akasema Mwalimu. "Na chupa yako hiyo, je, imevunjika?"

"Hapana, Mwalimu. Ni nzima. Haifai kwa asali tu."

"Vizuri. Kitu kisichofaa kwa kazi moja huenda kikafaa kwa kazi nyingine. Kesho tutafanya kazi. Lakini leo tujifunze kwanza vitu hivi ni vitu gani, kwa maana anayeshika moto bila kujua anachokichoma hujiunguza."

2. Chupa ni kitu gani?

Chupa imefanywa kwa kioo. Kioo hutengenezwa kwa mchanga mweupe, magadi na chokaa. Vitu hivi huchanganywa, vikatiwa katika tanuru yenye moto mkali sana, karibu digrii 1,500. Hapo mchanga huyeyuka, ukawa mzito kama asali. Fundi huupuliza au huutia katika kalibu, na ukipoa huwa chupa.

Rangi ya chupa hutoka wapi? Kioo cha kawaida huwa na ukijani kidogo kwa sababu mchanga una chuma kidogo ndani yake. Chupa za bia zilizo za kahawia hupata rangi yake kwa chuma pamoja na kiberiti na kaboni. Na chupa ya buluu iliyoiva hupata rangi yake kwa kobalti. Mafundi wa Misri walitia kobalti katika kioo zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, ingawa hawakujua kwamba ni metali ya peke yake. Mtu aliyeitambua kuwa metali ni Georg Brandt wa Sweden, kati ya miaka ya 1730 na 1740. Siku hizi zaidi ya nusu ya kobalti yote inayochimbwa duniani hutoka Kongo, na nyingi yake hutoka katika jimbo letu la Lualaba. Leo hutumika zaidi katika betri za simu na za motokaa, lakini bado hutumika pia kutia rangi ya buluu katika kioo na vyombo vya udongo.

Kioo hakiozi. Jani likianguka, baada ya mvua mbili huwa udongo. Chupa ikitupwa mtaroni, mjukuu wako ataikuta ingali chupa. Ikivunjika, itakata mguu wa mtoto anayetembea peku. Kwa hiyo ni vizuri kuitumia tena.

Lakini angalieni: si kila chupa iliyo tupu haina mwenyewe. Chupa za bia na za limonadi hurudishwa katika kasha, zikaoshwa kiwandani na kujazwa tena. Aliyenunua ameweka amana ya chupa. Ukiichukua hiyo bila ruhusa, umechukua mali ya mtu. Sisi tutachukua chupa ambazo hakuna anayezirudisha.

3. Kalamu za nta

Nta tunaijua. Wazee wetu waliitoa katika mizinga ya nyuki porini. Wakishakamua asali, walichemsha masega katika maji, nta ikaelea juu, wakaikusanya. Nta ya nyuki huyeyuka kwa digrii 62 hadi 64.

Kalamu za nta zinazotumiwa masomoni hazitoki kwa nyuki. Hufanywa kwa nta ya parafini, inayotokana na mafuta yanayochimbwa ardhini, ndiyo nta ileile ya buji za dukani. Huichanganya na unga wa rangi, wakaimimina katika kalibu. Kalamu zilizojulikana kuliko zote ni za Crayola, zilizoanza kuuzwa huko Marekani mwaka 1903. Sanduku la kwanza lilikuwa na kalamu 8, na bei yake ilikuwa senti 5. Jina hilo lilitungwa na Alice Binney, mke wa mmoja wa wenye kiwanda. Alichukua neno la Kifaransa craie, yaani chaki, akaliunganisha na neno lenye maana ya mafuta. Basi jina lake ni kama kusema "chaki ya mafuta."

4. Kila kitu kina moto wake

Sasa sikilizeni vizuri, kwa maana hapa ndipo penye siri ya kazi yetu.

Nta ya kalamu huyeyuka kwa digrii 50 hadi 65 hivi. Shaba huyeyuka kwa digrii 1,085. Kioo, tumesema, hutaka moto wa karibu digrii 1,500 kiwandani.

Wazee wa nchi hii waliyajua mambo ya moto vizuri. Walichimba mawe ya kijani milimani, wakajenga tanuru kwa udongo wa kichuguu, wakalijaza makala, wakavukuta kwa mivukuto ya ngozi mpaka shaba ikayeyuka. Waliimimina katika kalibu, wakafanya misalaba ya shaba, na misalaba hiyo ilitumika kama fedha. Wataalamu waliochimba makaburi ya kale huko Sanga, karibu na ziwa Kisale katika bonde la Lualaba, mwaka 1957 na 1958, waliikuta misalaba hiyo pamoja na mifupa ya watu. Hawakuwa na kipimo cha digrii. Fundi alitazama rangi ya moto na kusikiliza sauti yake. Lakini alijua kwamba moto wa kupikia bukari hautoshi kuyeyusha shaba, na moto wa shaba ungeteketeza bukari.

Moto ule unaofaa kwa shaba ni wa hatari kwa nta. Nta ikiwekwa moja kwa moja juu ya makala, huyeyuka, kisha hupata moto kupita kiasi, ikatoa moshi, na mwisho moshi ule hushika moto. Kwa hiyo hatuweki kopo la nta juu ya makala. Tunaliweka ndani ya sufuria yenye maji. Kwa nini? Kwa sababu maji hayawezi kupita moto wa kuchemka kwake. Pwani maji huchemka kwa digrii 100. Fungurume iko juu ya bahari kwa zaidi ya mita 1,000, na huku maji huchemka kwa digrii 96 hivi. Hata ukichochea mbabula namna gani, maji hayataongeza moto, ila yatapungua upesi. Basi nta iliyo ndani ya maji itayeyuka, lakini haitawaka. Maji yanailinda kama mama anavyoshika mkono wa mtoto.

Na kioo je? Kioo hakipendi kushtuliwa. Ukitia maji ya moto katika chupa ya baridi, upande wa ndani hutanuka upesi, na upande wa nje haujapata habari. Basi hupasuka. Ndiyo sababu chupa yetu tutaipasha moto polepole juani, kabla ya kuitia nta.

5. Kazi yenyewe

Vyombo: chupa moja, vipande vya kalamu za nta, makopo madogo, moja kwa kila rangi, sufuria ya zamani na mfuniko wake, maji, mbabula na makala, kijiko cha zamani, manyoya ya kuku au vijiti, ndoo ya mchanga, ndoo ya maji baridi, magazeti ya zamani ya kutandika.

Mtu mzima awepo tangu mwanzo hata mwisho. Kazi ifanyike nje au penye upepo, si ndani ya chumba kilichofungwa, kwa sababu ya moshi wa makala.

Kwanza. Loweka chupa katika maji yenye majivu usiku mzima. Asubuhi karatasi ya jina itabanduka. Osha ndani na nje, kausha vizuri. Nta haishiki penye maji wala penye mafuta. Chupa yenye ufa au mdomo uliovunjika usiitumie.

Pili. Weka chupa juani kwa muda wa saa moja, mpaka uiguse na kuiona ina joto kama mkate uliotoka sokoni asubuhi. Nta ikidondokea kioo cha baridi, hukauka ghafula, hujikunja, na kesho yake hubanduka kama gamba.

Tatu. Bandua karatasi za kalamu. Vunja vipande vidogo. Tenga rangi: nyekundu na nyekundu, buluu na buluu. Ukitaka kijani na huna, changanya buluu na manjano. Ukitaka rangi ya chungwa, changanya nyekundu na manjano. Lakini ukichanganya zote pamoja, utapata rangi ya matope tu.

Nne. Tia vipande ndani ya makopo, na makopo ndani ya sufuria yenye maji yanayofika nusu ya kopo. Weka juu ya mbabula yenye makala machache. Tazama maji yasikauke. Maji yakidondoka ndani ya nta, itaruka; basi usijaze kupita kiasi.

Tano. Nta ikiyeyuka, simamisha chupa juu ya magazeti. Chota nta kidogo kwa kijiko, imimine penye mabega ya chupa, chini ya shingo. Itateremka yenyewe. Usiisukume. Igeuze chupa kidogo, mimina tena. Ngoja rangi ya kwanza igande kabla ya kuweka ya pili, la sivyo zitachanganyika. Ukitaka nukta au maua madogo, tumia ncha ya unyoya.

Sita. Iache chupa kivulini mpaka ipoe kabisa. Usiiweke tena juani. Mwezi wa kumi, jua letu linapokuwa kali, nta italegea na kuteremka. Usiwashe buji ndani yake wala karibu yake. Usitie maji ya moto. Ni chombo cha maua, basi.

Kijana wetu alimimina nyekundu, akangoja. Akamimina manjano, akangoja. Mwenzake aliyekuwa pembeni hakungoja. Alimimina rangi nne mara moja, akapata matope. Akakasirika, akataka kuitupa. Mwalimu akamwambia, "Usitupe. Kwaruza kwa kisu kisicho kikali, nta itatoka, nawe utaanza upya. Nta hukubali kuanza upya. Ndiyo wema wake." Akakwaruza, akaanza tena, na safari hii akangoja.

6. Ajali ya moto

Jueni haya kwa moyo, kabla ya siku ya kazi.

Nta ikishika moto, usimwagie maji hata tone moja. Nta inayowaka huwa na moto mwingi kuliko maji yanayochemka. Maji huzama chini yake, hugeuka mvuke ghafula, na mvuke huirusha nta inayowaka usoni pako. Funika sufuria kwa mfuniko, au mwagia mchanga mkavu, kisha ondokeni. Moto ukikosa hewa hufa.

Nta ya moto ikikudondokea mkononi, usiivute. Itaondoka pamoja na ngozi. Tia mkono katika maji baridi yaliyo safi kwa dakika 20. Usipake mafuta, wala dawa ya meno, wala unga. Jeraha likiwa kubwa au liko usoni, nenda zahanati.

7. Sehemu ya pili ya habari

Kijana alipeleka chupa yake nyumbani. Ilikuwa na michirizi ya nyekundu na manjano juu ya kioo cha kijani, na kila aliyeiona aliisifu. Mama aliiweka juu ya meza na kutia maua. Baba akasema, "Kumbe hata kilichotupwa na nkambo!" Kijana alijisikia mkubwa siku ile.

Baada ya juma moja maua yalinyauka, chupa ikabaki tupu. Jioni moja umeme ulikatika. Kaka yake mkubwa alinunua petroli ya taa katika mfuko wa plastiki, na mfuko ukaanza kuvuja. Akatazama huku na huku, akaona chupa ya mapambo, akamimina petroli mle, akaiziba kwa kipande cha karatasi, akairudisha juu ya meza. Hakuwa na nia mbaya. Alitaka tu petroli isimwagike.

Dada yao mdogo alikuwa na miaka mitatu. Hajui kusoma, lakini rangi anazijua. Nyekundu na manjano kwake ni rangi ya kitu kitamu. Aliivuta chupa, akaitoa karatasi, akanywa.

Kijana aliingia na kumkuta anakohoa, macho yamejaa machozi, chupa imeanguka, na nyumba nzima inanuka petroli. Akapiga kelele. Mama akaja mbio, akataka kumtia mtoto kidole kooni ili atapike. Jirani, mama muuguzi, akamshika mkono. "Hapana, mama! Usimtapishe! Petroli ikipanda tena itaingia katika mapafu, na hapo ndipo inapoua. Mvue nguo zilizolowa, twende hospitali sasa hivi." Wakampakia juu ya pikipiki, mama nyuma yake amemkumbatia. Kijana akabaki nyumbani na chupa mkononi.

Mtoto alilala hospitalini usiku tatu, akipumua kwa shida. Siku ya nne akarudi, amekonda, lakini mzima.

Kijana hakwenda masomoni siku hizo. Alipokwenda, aliweka chupa juu ya meza ya Mwalimu, akasema, "Mwalimu, sitaki tena. Mimi ndiye niliyemwita dada yangu kwa rangi hizi."

Darasa likanyamaza. Mwalimu akakaa kitambo bila kusema. Kisha akasema:

"Mwanangu, hapana. Kosa la kwanza ni langu. Niliwafundisha moto, nikasahau kuwafundisha chupa. Nilisema ni chombo cha maua, lakini niliwaambia ninyi tu. Kaka yako hakuwapo darasani, wala dada yako. Chombo hakiwezi kusema kazi yake kwa mdomo. Ni lazima tukifanye kiwe kama ishara hata kwa mtu asiyekuwapo. Tufanyeje?"

Watoto wakatoa mashauri. Mmoja akasema waandike juu yake. Mwingine akajibu kwamba mtoto wa miaka mitatu hasomi. Mmoja akasema waitoboe chini. Mwingine akajibu kwamba kioo kitapasuka. Mwishowe kijana mwenyewe akainua mkono.

"Mwalimu, tujaze mchanga na kokoto ndani, mpaka penye mabega. Maua yatasimama vizuri, na maji kidogo yatawatosha. Lakini hakuna mtu atakayemimina petroli katika chupa iliyojaa mchanga."

Mwalimu akatabasamu. "Hilo ndilo. Tena mchanga utaipa uzito, haitaangushwa na upepo."

Wakaenda mtoni kuchota mchanga. Wakaosha chupa ile kwa sabuni na majivu mara nyingi mpaka harufu ikaisha, wakaijaza. Chupa zote za darasa zikajazwa vilevile. Ya kijana ikarudi mezani kwao, na mpaka leo iko pale.

8. Sheria za chupa

Zisomeni kwa sauti, kisha muwasomee wa nyumbani.

Petroli ya taa, dawa ya wadudu, eau de Javel na asidi hazikai kamwe ndani ya chupa ya kinywaji, wala ndani ya chupa ya mapambo. Hukaa ndani ya chombo chake, chenye kizibo cha kufunga, mahali pa juu pasipofikiwa na mtoto.

Mtoto akinywa petroli, asitapishwe. Apelekwe hospitali upesi, pamoja na chupa aliyonywea, ili mganga aijue sumu.

Chupa au mtungi uliookotwa karibu na mgodi au kiwanda usiguswe. Katika migodi yetu shaba na kobalti hutolewa mawe kwa asidi ya kiberiti, nayo hula ngozi na macho. Chombo chenye alama ya fuvu la kichwa au ya mkono unaoliwa na dawa si cha kuchezea, hata kikionekana kitupu.

Chupa ya mapambo ijazwe mchanga.

9. Maneno ya kujifunza

Kalibu: umbo ambamo kitu kilichoyeyuka humiminwa ili kipate sura.
Mivukuto: mifuko ya ngozi ya kupulizia moto.
Kichuguu: nyumba ya mchwa.
Amana: kitu au fedha iliyowekwa ili irudishwe.
Mchirizi: mstari wa kitu kinachoteremka, kama maji au nta.

10. Maswali

1. Kwa nini nkambo hakuitaka chupa ya kijani?
2. Kioo hutengenezwa kwa vitu gani? Buluu ya kioo hutokana na metali gani?
3. Kwa nini kopo la nta huwekwa ndani ya maji, si juu ya makala?
4. Fungurume maji huchemka kabla ya kufika digrii 100. Kwa nini?
5. Nta ikiwaka, utafanya nini? Ni kitu gani hutafanya?
6. Kwa nini mama alizuiwa kumtapisha mtoto?
7. Mwalimu alisema, "Kosa la kwanza ni langu." Je, unakubali? Eleza.
8. Kaka mkubwa hakuwa na nia mbaya. Hata hivyo dada yake karibu afe. Jambo hili latufundisha nini?

11. Kazi ya nyumbani

Leo jioni, pamoja na mama au baba, tazameni nyumba yenu. Hesabuni vyombo vyote vyenye petroli, dawa au eau de Javel. Je, kiko kimoja kilichokuwa cha limonadi au cha maji ya kunywa? Kiko wapi: chini, au juu? Kama kiko chini, ombeni kwa heshima kihamishwe leo hii, msingoje kesho. Kisha mje kumwambia mwalimu mlichokifanya.